KULWA ANANYONYA, DOTO ANALIA: ligi yetu na watoto wetu wa Simiyu

SEHEMU YA 1

 

Najua mmezoea nikiandika hapa ni chanjo, uji wa lishe, kitovu cha kichanga na homa za watoto. Leo naongelea MPIRA. Usikimbie dada, wala usimpe simu baba watoto ukisema "hii ni yako". Hii ni yako wewe. Jezi anayovaa mwanao umeinunua wewe. Hela ya king'amuzi inatoka kwenye kapu lile lile linalotoa sabuni na mafuta ya kupikia.

Imeanzia nyumbani kwangu. Tarehe 25 Juni 2025 Yanga wamemfunga Simba 2-0, wamechukua ubingwa wa nne mfululizo. Hapa Bariadi mnakumbuka bodaboda zilivyopiga honi. Mume wangu ni Yanga wa kuzaliwa, alishangilia mpaka mdogo wetu akaamka analia. Mimi nimekulia nyumba ya Simba, nikaenda zangu jikoni.

Mwanangu wa kwanza ana miaka tisa. Akanifuata akaniuliza, "Mama, timu ya Simiyu inaitwaje?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Baba yake akajibu kutoka sebuleni, "Timu yetu ni Yanga!"

Mtoto akasema, "Baba, Yanga ni ya Dar."

Jamani. Mkoa wetu umeanzishwa 2012. Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima, Busega, watu wote hawa, na pamba yote hii. Mpaka leo hatujawahi kuwa na timu hata moja Ligi Kuu. Mtoto wa miaka tisa kaona kitu ambacho sisi watu wazima tumekizoea mpaka hatukioni.

SEHEMU YA 2: Mama wa mapacha

Niwaambie kitu cha wodini, halafu mtaelewa ninakokwenda.

Sisi Wasukuma tukipata mapacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Mara nyingi hawalingani. Tuseme Kulwa kazaliwa na kilo 2 na nusu, Doto kilo moja na gramu mia saba. Kulwa akiwekwa kwenye titi anavuta kweli kweli. Doto anavuta mara mbili, anachoka, analala. Mama akimwangalia anasema, "Huyu kashiba, ngoja nimwongeze mwenzake."

Hajashiba! Kachoka. Hana nguvu ya kunyonya. Ukimwachia mwenye nguvu anyonye kwa kadiri ya nguvu zake, baada ya wiki Kulwa ana mashavu na Doto unamrudisha kwetu.

Ndiyo maana muuguzi atakwambia anza na Doto. Mkamulie, mnyweshe kwa kikombe kidogo taratibu, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi. Kulwa hatumnyang'anyi, atanyonya na atashiba. Lakini hatusemi "kila mmoja apate kwa nguvu zake" halafu tukaita hiyo ni haki.

Sasa ligi yetu inaendeshwa kama yule mama aliyechoka. Inamwongezea Kulwa. Tena ina akina Kulwa wawili, wote wanaishi Kariakoo.

SEHEMU YA 3: Hesabu

Tuhesabu pamoja, siyo ushabiki.

Kuanzia 2001 hadi 2025, robo karne, bingwa wa Tanzania Bara amekuwa Simba au Yanga. Kaingia mwingine mara MOJA tu, Azam, msimu wa 2013/14. Na Azam siyo Doto mama zangu. Azam ni timu ya Bakhresa, mmoja wa matajiri wakubwa nchini. Kwa hiyo hata siku mlango ulipofunguka, aliyeingia ni mwenye hela.

Zamani haikuwa hivi moja kwa moja. Tukuyu Stars, timu ya Tukuyu kule Mbeya, ilichukua ubingwa 1986. Coastal Union ya Tanga, 1988. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari Morogoro, 1999 na tena 2000. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka redio ya babu.

Baadaye Simba wamechukua minne mfululizo, 2018 hadi 2021. Yanga wakafuata na minne yao, 2022 hadi 2025. Na msimu wa 2024/25 Simba kacheza mechi 30, kapoteza mbili tu, zote mbili kafungwa na Yanga. Yaani timu nyingine 14 hazikumfunga hata mara moja. Hao wengine wanasafiri mwaka mzima kwenye mabasi ili waje kuwa mazoezi ya watu wawili.

Sasa mtasema, "Nesi ana wivu kwa kuwa Simba wamekosa miaka minne." Niwe mkweli. Simba walipochukua minne yao sikuandika neno. Nilishangilia. Kosa langu nalikiri. Ningekuwa na akili ya leo ningeandika 2019.

SEHEMU YA 4: Akina Doto wa Kanda ya Ziwa

Hapa ndipo panaponiuma, maana hawa ni majirani zetu.

Stand United ya Shinyanga ilipanda Ligi Kuu 2014, ikashuka 2019.
Toto Africans ya Mwanza ilirudi 2015, ikashuka 2017.
Mbao ya Mwanza ilipanda 2016, ikashuka 2020.
Alliance ya Mwanza ilipanda 2018, ikashuka 2020.
Gwambina ya Misungwi ilipanda 2020, ikashuka 2021. Mwaka mmoja!
Biashara United ya Musoma ilipanda 2018, ikashuka 2022.
Geita Gold ilipanda 2021, ikashuka 2024.
Na mwaka 2025 hata Kagera Sugar waliozoea Ligi Kuu nao walishuka.

Mtu atasema timu mbovu lazima ishuke. Sawa. Ila angalia Mbao. Aprili 2017 waliwafunga Yanga 1-0 pale Kirumba nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda fainali Dodoma, Simba wakawashinda 2-1 kwa tabu mpaka dakika za nyongeza. Vijana walikuwa wanaweza! Miaka mitatu baadaye timu haipo Ligi Kuu. Timu ndogo ikikuza kijana mzuri, akifunga magoli mawili ya maana, simu inaita kutoka Dar. Anaondoka, na haki yake, ana mama wa kumjengea. Timu inaanza upya, kila mwaka inaanza upya.

Na Biashara United. Hii sitaisahau. Oktoba 2021 walicheza Kombe la Shirikisho Afrika, wakamfunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 pale kwa Mkapa. Timu ya Musoma hii! Kilichobaki ni mechi ya marudiano Libya. Hawakufika. Safari ilikwama, wakatolewa mashindanoni bila kugusa mpira wa marudiano. Msimu huo huo wakashuka daraja.

Sisemi Simba au Yanga waliwazuia. Nasema Simba au Yanga wasingekwama uwanja wa ndege. Simu zingepigwa mpaka ndege ipatikane.

Kuna kingine. Novemba 2021 GSM, wafadhili wa Yanga, walisaini na TFF kuwa wadhamini wenza wa ligi, bilioni 2.1 kwa miaka miwili. Simba wakagoma kuvaa nembo ya mfadhili wa mtani wao. Februari 2022 GSM wakajitoa. Mimi nawaelewa Simba, nani anataka kuvaa nembo ya mpinzani? Ila timu zilizokuwa zinasubiri fungu lao ili zilipe nauli na posho, nani aliziuliza? Tembo wawili wamevutana, mnajua nani aliumia.

Hata mechi yao ya mwaka 2025. Ilikuwa ichezwe 8 Machi, haikuchezwa, ikaja kuchezwa 25 Juni. Miezi mitatu na nusu nchi nzima inawasubiri wawili waelewane.

SEHEMU YA 5: Mkeka

Dada zangu, hapa nitaongea kwa upole maana wengi mmenitumia ujumbe faragha.

Mwaka jana, usiku, kaja mama na mtoto wa miaka miwili. Kuhara siku tatu, macho yameingia ndani, ngozi ukiibana hairudi. Namuuliza kwa nini hukuja jana? Anaangalia chini. Hela ya nauli na dawa baba aliiweka kwenye mkeka. Kampuni gani sikuuliza na haina maana. Mtoto tulimpata, ashukuriwe Mungu. Alfajiri alikuwa anakunywa maji mwenyewe.

Yule baba alikuja asubuhi. Siyo mlevi, siyo mtu mbaya. Akaniambia kwa uchungu, "Nesi, ilikuwa ya uhakika."

Hilo neno UHAKIKA lilinikaa kichwani. Limetoka wapi? Limetoka kwenye ligi yenyewe! Kama kila mtu anajua Yanga au Simba atamfunga timu ya mkiani, kubashiri mechi hiyo peke yake kunalipa hela ndogo sana. Kwa hiyo mtu anaunganisha mechi kumi za "uhakika" kwenye mkeka mmoja ili apate kikubwa. Moja ikigoma, mkeka mzima umechanika. Novemba 2024 Tabora United wamemfunga Yanga 3-1. Mimi nilifurahi, nilisema angalau Doto kapumua. Lakini nyumba ngapi usiku ule zililala na hasira?

Na hela inarudi kule kule. Mwaka 2022 Simba walisaini na kampuni ya kubashiri zaidi ya bilioni 26 kwa miaka mitano. Yanga nao, zaidi ya bilioni 12 kwa miaka mitatu. Kampuni haitoi sadaka, inatoa kutoka mifukoni mwa watu. Yaani mkeka wa baba yule wa Bariadi, tone kwa tone, unasaidia kununua mshambuliaji wa kuja kuifunga timu ya Kanda ya Ziwa magoli matano. Tunakamuliwa sisi, anashiba Kulwa.

SEHEMU YA 6: Hata kwenye barafu wameliona

Binamu yangu anafanya kazi ya kutunza wazee Kanada. Kule mchezo wao ni mpira wa magongo, wanacheza juu ya barafu na viatu vyenye chuma kama kisu. Mimi nilicheka. Ila aliponielezea ligi yao, NHL, ya timu za Marekani na Kanada, nikaacha kucheka, nikaenda kusoma zaidi nikiwa zamu ya usiku.

Wale ni mabepari kweli kweli. Lakini wamekubaliana mambo mawili.

La kwanza, tangu 1963 wana utaratibu wa kuchagua vijana wapya kwa zamu, na waliofanya vibaya ndio wanaopewa nafasi ya mbele. Siku hizi wanatumia bahati nasibu ili watu wasifungwe makusudi, lakini bado aliyeshika mkia ana nafasi kubwa kuliko bingwa. Umeona? WANAANZA NA DOTO.

La pili, timu tajiri haiwezi kulipa mishahara bila kikomo. Waligombana sana mpaka msimu mzima wa 2004/05 ukafutwa, hakuna mechi hata moja. Waliporudi wakaweka kiwango, dola milioni 39 kwa kila timu kwa mwaka wa kwanza, tajiri na maskini sawa. Unajua kilichofuata? Misimu saba, mabingwa saba tofauti. Carolina, Anaheim, Detroit, Pittsburgh, Chicago, Boston, Los Angeles. Saba!

Sidanganyi mtu kwamba kule ni peponi. Hawana kushuka daraja. Kijana anachaguliwa na timu, yeye hachagui. Matajiri wenye timu nao walinufaika kwa kubana mishahara. Na timu za Kanada, wenye mchezo wao, hazijabeba kombe tangu Montreal 1993. Kila dawa ina maudhi yake, nyie mnajua vidonge vya madini ya chuma vinavyowachefua. Lakini tunawapa, kwa sababu upungufu wa damu ni mbaya zaidi.

Na ukisema kule ni mbali na mchezo ni mwingine, haya, Uingereza. Hela ya televisheni ya ndani ya nchi ya Ligi Kuu yao, nusu yake inagawiwa sawa kwa timu zote kabla ya kuangalia nani bingwa. Bado wana matajiri wanaotesa wenzao, lakini 2016 Leicester walichukua ubingwa.

SEHEMU YA 7: Najua mtakachosema

"Simba na Yanga ndio wanaotubeba Afrika." Kweli kabisa. Yanga walifika fainali ya Shirikisho 2023, Simba wakafika 2025. Mimi nililia kwa furaha. Lakini mbona Kulwa atakuwa na nguvu zaidi akiwa na ndugu wa kumsukuma kila wiki? Mtu anayeshinda nyumbani bila jasho, akikutana na Waarabu dakika ya 80 anakosa pumzi.

"Bila wao timu ndogo hazipati watu uwanjani." Kweli pia. Timu nyingi zinasubiri siku Simba au Yanga anakuja ndiyo zipate mapato ya mlangoni. Ila huo ndio ugonjwa wenyewe, msiniletee kama dawa. Mtoto anayekula vizuri siku mbili kwa mwaka, mgeni akija, huyo ana utapiamlo.

"Wana hela zao, walitafuta." Hela ya mfadhili ni yao, sawa. Lakini ligi ni yetu wote. Azam Media walisaini 2021 miaka kumi kwa bilioni 225.6 kuonyesha LIGI, siyo timu mbili. Yanga hawezi kucheza na Simba mara 30. Anahitaji Doto wa kucheza naye. Kama anamhitaji, amlishe.

SEHEMU YA 8: Ninachotaka

Sina cheo TFF wala Bodi ya Ligi. Nina stashahada ya uuguzi na watoto wawili. Lakini naomba mambo manne, na nitayarudia mpaka mchoke:

1. Sehemu kubwa ya hela ya televisheni na ya mdhamini wa ligi igawiwe SAWA kwa timu zote 16 kwanza. Zawadi ya bingwa ije baadaye.

2. Kuwe na kikomo cha mishahara kulingana na ligi yetu, hesabu zikaguliwe na zitangazwe. Na mwenye hela asiruhusiwe kusajili vijana wa timu ndogo wakaoze benchi.

3. Kila mchezaji anapouzwa ndani ya nchi, asilimia fulani irudi kwa timu iliyomlea, hata kama ni ya mtaani. FIFA wanafanya hivyo kwa wanaouzwa nje, asilimia 5 inagawiwa kwa waliomlea kuanzia miaka 12. Kwa nini siyo kijana anayetoka Meatu kwenda Dar?

4. Mfadhili mmoja asiwe na mkono kwenye timu mbili zinazokutana uwanjani. Huhitaji shahada kuelewa hili.

Na sisi kina mama? Jumapili hii mpeleke mtoto akaangalie timu ya mtaani ikicheza, iwe Malambo, Dutwa au Nyakabindi. Nunua hata maji ya wachezaji. Shule inapoomba mchango wa mpira wa UMITASHUMTA usinune, hapo ndipo timu ya Simiyu inapozaliwa. Hela ya mtoto ya dharura iweke mahali pako, wala usione aibu. Na baba akisema "ya uhakika", mwambie ligi yenye uhakika siyo mashindano.

Mwanangu jana kachora jezi kwenye daftari la hesabu. Kijani cha majani na nyeupe ya pamba. Mgongoni kaandika SIMIYU, namba 9. Mwalimu kamkemea kwa kuchafua daftari. Mimi nimeikata ile karatasi nimeibandika kabatini.

Kesho narudi kwenye kazi yetu. Kuna mmoja kaniuliza mtoto wa miezi sita aanze na chakula gani. Nitajibu asubuhi nikitoka zamu. Na wewe mwenye mapacha usiku huu, anza na Doto.